Sisimizi Hasomi Kitambulisho

Mimi nauza sumu. Wateja wangu wanaiita dawa, na mbele yao mimi pia naiita dawa, lakini hapa hatudanganyani. Duka langu liko Kitale, rafu tatu ukutani na kaunta ya mbao, na mkulima akiingia na jani lililotobolewa nalitazama mara moja, nampa chupa yake, anaenda. Naanza hivyo ili mtu asije akadhani kwamba anayemsimulia Bwana Shamba ni mtu mwema. Mzee yule alichukia kila kitu kilichokuwa kwenye rafu zangu, na aliyemgeuza akawa mteja wangu ni mimi.

Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, sitasema. Kule kwetu Matulo watu walibishana habari hiyo mpaka wakachoka. Wengine walisema ni Mnubi, wengine Mswahili wa Mumias, wengine ati ni Mganda aliyevuka mpaka wa Lwakhakha na kusahau kurudi. Yeye akiulizwa alijibu, "Mimi natoka shambani," kisha akaomba aonyeshwe mahindi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi huku Kitale, katika chumba cha kufugia wadudu, na mradi ulipoisha, kama miradi inavyoisha, alifungasha vitu vyake na kuja kununua kipande kilichopakana na chetu. Alikuwa amestaafu, hana pikipiki ya serikali wala barua ya ofisi, lakini sisi tulimwita Bwana Shamba na yeye aliitika.

Alikuwa na shati la kaki lenye mifuko minne, kofia ya kufuma, na kioo cha kukuzia alichokifunga kwa kamba ya kiatu na kukivaa shingoni. Alisalimia mahindi kabla ya watu. Mama alikuwa akimwona tu anasema, "Mulembe, Bwana Shamba, kalibu chai," naye anajibu "Alhamdulillahi" akiwa ameshalipita jiko, yuko katikati ya mistari, ameinama na hicho kioo. Chai ilipoa mara nyingi. Mama alinuna, akaifunika na sahani, halafu alipotoka humo alimpashia tena.

Kitu alichotoka nacho Kitale kilikuwa nyigu. Si wale wa kwenye dari wanaomfanya mtu avimbe jicho. Hawa walikuwa wadogo kuliko punje ya wimbi, weusi, hawana habari na binadamu. Jike anamtafuta kiwavi, anamdunga, anamwachia yai ndani ya mwili. Kiwavi anaendelea kutembea na kula, lakini kwa uvivu, kama mtu mwenye malaria, huku mtoto wa nyigu akimla ndani kwa ndani. Siku zikitimia mtoto anatoboa ngozi, anatoka, anajisokotea kifuko cheupe juu ya jani, kama punje ya mchele. Kiwavi anakufa hapo. Baadaye kifuko kinafunguka, anatoka nyigu mwingine, na huyo naye anaenda kutafuta kiwavi wake.

Mama alipoelezwa mara ya kwanza alishika mdomo. "Hii ni uchawi, Bwana Shamba."

"Ni uchawi wa Mwenyezi Mungu, mama. Mimi ni mtumishi tu."

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili na nyigu, pamoja na viwavi wao wa kudungwa, walikaa kile kizuri. Aliwatengenezea vizimba vya mbao na neti ya mbu, akavipanga juu ya meza, na kila mguu wa meza ulisimama ndani ya mkebe wenye oili chafu ya gari. Mgeni alidhani ni mambo ya kiganga. Ilikuwa ni kwa sababu ya sisimizi. Sisimizi hawavuki oili, na sisimizi akipanda mezani hakuna nyigu atakayebaki. Kila asubuhi alikagua ile mikebe kabla hajanawa uso. Asali aliyonunua sokoni Ndalu aliipaka kwenye neti kwa unyoya wa kuku, nyigu wakanywa, na yeye mwenyewe akanywa chai ya mkandaa isiyo na kitu. Nilimwuliza siku moja kwa nini hajiwekei hata kijiko kimoja. Aliniangalia kama nimemtukana mamake.

Mkewe hakukaa huko. Aliishi Bungoma mjini, karibu na msikiti, na alikuwa na ulimi. "Nyumba ambayo viwavi wanalala kitandani na mtu analala chini, hiyo mimi siingii," alimwambia mbele yetu. Basi kila Ijumaa Bwana Shamba alivaa kanzu, akaenda kuswali, akala pilau ya mkewe, akarudi jioni na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Nusu ya pilau ile ilikuja kwetu. Walipendana hao, kwa njia yao ya mbali.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na kiburi cha mtu aliyesoma kitu kimoja tu. Ukimwambia mtoto wako anaharisha, alikuuliza kama mahindi yako yana mashimo. Jirani yetu wa chini alinyunyiza dawa siku ya upepo, na Bwana Shamba akamwita muuaji mbele ya wakwe zake waliokuja kuleta ng'ombe wa mahari. Harusi nusura ivunjike. Alipoambiwa aombe radhi, alienda kweli, akaomba radhi kwa wakwe, kisha akamgeukia yule jirani akamwambia, "Lakini wewe ni muuaji."

Maneno yake tuliyajua kwa kichwa. Kina mama wa chama chetu walimwita awafundishe wakati viwavijeshi walipoingia, miaka ile ambayo tulikuwa tunaamka tunakuta moyo wa mhindi umekuwa kama unga wa mbao uliolowa. Alisimama mbele yao na kofia yake akasema shamba lina askari wa aina mbili. Mmoja anachagua, huyo ni nyigu, ana mtu wake anayemtafuta na hamgusi mwingine. Wa pili anakamata kila aliye barabarani. Huyo ni sisimizi, na buibui, na yule mdudu wa makoleo mkiani. "Sisimizi ni polisi wa msako," alisema. "Hasomi kitambulisho. Akimkuta kiwavi, anakula. Akimkuta kiwavi aliyebeba mtoto wa nyigu, anakula wote wawili. Akikuta kifuko cha nyigu, anabeba nyumbani kama chapati."

Kina mama walicheka. Mmoja akauliza, "Kwa hivyo tuue sisimizi?"

"Hapana!" Alipiga goti lake. "Nani amesema kuua? Wote ni askari wa shamba moja. Usimuue na usimwite. Mwache aje mwenyewe, na aende mwenyewe. Ukimwita akaja na kabila lake lote, yule anayechagua atakosa pa kusimama."

Nayakumbuka maneno hayo neno kwa neno. Mtu asiseme sikuambiwa.

Mama alikuwa mjane na tulikuwa wawili tu, yeye na mimi, na nusu eka. Mwaka uliotangulia viwavi walitumaliza. Kufikia mwezi wa nne tulikuwa tunakula ndizi za kuchemsha asubuhi na jioni, na miguu ya Mama ilikuwa imevimba mpaka viatu vya kanisani havikumwingia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa nyumbani, kazi yangu ni kumwangalia yeye na mahindi. Bwana Shamba alituomba shamba letu lisiguswe na dawa, nyigu wake watakuja kufanya kazi humo. Mama alikubali. Alisema mtu anayekupa nusu ya pilau yake hawezi kukuua na njaa.

Hapo ndipo alipoleta desturi yake ya nyuzi. Alikuwa na sweta nyekundu kuukuu, akaifumua, na kila alipomkuta kiwavi aliyedungwa na nyigu alifunga uzi kwenye shina la mhindi huo. Maana yake: humu kuna mimba, msiue. Sisi tulikuwa tunawatoa viwavi kwa mkono na kuwaponda, lakini kwenye uzi tulipita. Msimu ulipofika nusu, shamba letu lilikuwa na nyuzi huku na huku, na watoto waliopita kwenda shule walituuliza tunasherehekea nini.

Kisha akaugua. Homa ya matumbo, siku tisa hospitalini. Mkewe alipanda kutoka Bungoma, akaingia katika nyumba ile aliyoapa kutoiingia, akafagia, akafua mashuka ya mumewe, akayaanika ndani kwa sababu kulikuwa na mvua. Kamba aliifunga kutoka dirishani hadi kwenye meza. Shuka moja likagusa ukuta upande huu na meza upande ule. Sisimizi walipita juu ya shuka.

Bwana Shamba alirudi akakuta vizimba vikiwa na mabawa tu. Nilikuwepo, nilimbebea kikapu. Alisimama mlangoni, mkewe nyuma yake akilia na leso mdomoni. Akasema, "Si kitu, mama watoto. Ulikuja kusaidia." Akaenda kukaa chini ya ukuta, akaanza kuosha neti. Sijawahi kuona mtu akisamehe haraka namna ile. Ningejua kusoma mambo, ningesoma hapo.

Kesho yake alikuja shambani kwetu na fimbo, akahesabu nyuzi zenye viwavi walio hai. Zilikuwa thelathini na moja.

"Binti," aliniambia, "hao ndio wamebaki. Hakuna wengine Kitale, chumba kilifungwa. Mashamba ya watu yamenyunyizwa. Hii ndiyo mbegu yangu yote. Watatoka kwenye siku tano hivi. Nitakuja na chupa niwachukue, nianze upya."

"Sawa, Bwana Shamba."

"Siku tano. Usiruhusu mtu kugusa."

"Sawa."

Siku ya tatu Mama alitembea mpaka ukingoni mwa shamba kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Alishikilia mti wa mpaka. Nyigu walikuwa wachache sasa na viwavi walikuwa wengi, na mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele yakiwa yametafunwa. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Bwana Shamba ni mutu muzuri, rakini yeye anafuga. Sisi tutakura nini?" Kisha akaanza kulia, na mimi sikuwa nimemwona Mama akilia hata kwenye mazishi ya Baba.

Sasa, kwenye chama kulikuwa na mama mmoja aliyesema kwao wanachemsha omena, wale dagaa wa ziwani, wanamwaga maji yake kwenye mahindi, sisimizi wanafuata harufu na kumaliza viwavi wote. Nikafikiri. Bwana Shamba alikataza dawa. Maji ya omena si dawa. Alisema usimwite sisimizi, lakini alisema hivyo wakati nyumba yake ilikuwa imejaa nyigu na sisi tumeshiba. Nilikuwa na akili nyingi siku hiyo, bana. Nikachemsha omena, nikapoza, na alasiri hiyo nikaingia shambani na ndoo na kikombe, nikamwaga kidogo kidogo kwenye moyo wa kila mhindi.

Yale mashina yenye uzi niliyaruka. Nataka hilo lijulikane. Niliyaruka yote thelathini na moja kwa uangalifu kama mtu anayetembea kati ya mayai. Nilidhani nikiacha shina bila maji, sisimizi nao wataliacha. Nilidhani uzi wa Bwana Shamba unasomeka na kila mtu.

Asubuhi walikuwa wamekuja. Uwiii, walikuja! Shamba lilikuwa linatembea. Walikuwa wanawatoa viwavi kwenye mioyo ya mahindi wakiwa hai, kumi wanavuta mmoja, na chini kulikuwa na mistari myeusi inayokwenda kwenye kichuguu. Nilifurahi. Uongo mmoja unatosha, sitaongeza wa pili: nilifurahi mpaka nikapiga makofi. Kisha nikaona sisimizi mmoja akishuka shina amebeba kitu cheupe kama punje ya mchele.

Nilikimbia kwenye nyuzi. Niliwafuta sisimizi kwa vidole, wakaniuma, nikawafuta kwa kanga, nikapuliza. Mhindi mmoja unagusana majani na mwenzake, na sisimizi anapita juu kwa juu kama mtu anayetembelea jirani. Shina la kwanza hakuna. La pili hakuna. Nilikwenda yote thelathini na moja. Jioni ya siku ya nne ikanyesha mvua kubwa, ikaosha majani, na harufu ya omena ikaisha kabisa.

Siku ya tano alikuja na chupa ya jemu, amefunika mdomo wa chupa kwa kitambaa cha neti na kukifunga kwa mpira. Ndani alikuwa ameshapaka asali.

Alienda uzi kwa uzi. Mimi nilisimama kwenye mlango wa jiko nikichambua mboga ambazo zilikuwa zimechambuliwa tayari. Alipomaliza alikuja, na uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Binti. Sisimizi hawa wametoka wapi?"

"Sijui, Bwana Shamba. Walikuja tu."

"Walikuja tu?"

"Walikuja tu. Tuliamka tukawakuta."

Mama alikuwa ndani, amelala. Hakujua kitu, nilimwambia omena tuliyokula usiku ule ilikuwa ya kupewa. Bwana Shamba alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi, akaangalia chupa yake. "Hawajawahi kuja hivi," akasema. "Katika miaka yangu yote hawajawahi kuja hivi."

Tulivuna magunia saba. Nusu eka, magunia saba, watu walikuja kuangalia. Mama alipona miguu kwa uji na ugali, akavaa viatu vyake vya kanisani. Alimpelekea Bwana Shamba debe zima kama shukrani, akamwambia nyigu wako wamefanya kazi. Alipokea kwa mikono miwili. Hakumrekebisha.

Lakini mtu aliyezoea kujua sababu hawezi kukaa bila sababu. Mimi nilimnyima ya kweli, basi akajitengenezea yake. Akaanza kusema sisimizi wamejifunza. Walionja nyigu wake kule mezani, akasema, wakaishika harufu, na sasa wanawafuata popote. Kwanza alisema kwa shaka. Baadaye alisema kwenye chama, akiwa amesimama. Baadaye alisema msikitini kwa watu wanaofungua kiatu. Yule aliyefundisha usimuue na usimwite akanunua birika kubwa, akawa anatembea anamwaga maji moto kwenye vichuguu. Kisha mafuta ya taa. Kisha akaanza na dawa ya unga.

Kuku wa jirani wa chini walidonoa ile dawa wakafa saba. Jirani alikuja na mmoja mkononi, amemshika miguu, akamwambia, "Nani muuaji leo, Bwana Shamba?" Kijiji kikacheka wiki nzima. Mimi pia nilicheka, kwa sababu ukikataa kucheka unaulizwa kwa nini.

Alikuwa pia anatafuta mbegu. Alitembea mashamba ya watu, Ndalu, Tongaren, mpaka upande wa Lwakhakha, akiangalia majani kama atapata hata kifuko kimoja. Kote wamenyunyiza. Huko Ndalu walimkuta katikati ya mahindi mabichi ya mtu, mzee mgeni na mfuko, wakamwita mwizi. Walimpiga kabla hajafungua mdomo. Alirudi na vidole viwili vilivyovunjika na kioo cha shingoni kikiwa fremu tupu. Fremu ile aliendelea kuivaa.

Mama alipofariki, ni yeye aliyekuja kwanza, kabla ya ndugu zetu wa damu. Alikaa na wanaume nje mpaka asubuhi. Nilimpelekea chai, nikataka kusema, nikasema, "Ina sukari, samahani." Akanywa hivyo hivyo.

Mimi nikaja Kitale. Niliajiriwa kwenye duka la dawa za kilimo, mwenyewe alipohamia kwao nikalishika mimi, na hivi ndivyo nilivyo. Nilidhani nimemwacha Matulo. Msimu wa kwanza tu wa mvua nainua kichwa, namwona mlangoni na kofia yake.

"Hata wewe, binti?" aliuliza, akiangalia rafu. Lakini alikuwa anatabasamu. "Basi nipe ya sisimizi. Kule madukani Webuye wananicheka. Kwako siulizwi maswali."

Nikampa. Kila msimu akaja, nikampa. Nilimpa glavu za mpira, akazipeleka kwa kijana wa kukamua ng'ombe. Aliishika dawa kwa mikono mitupu miaka yote hiyo, na nilikuwa namwona vidole vikianza kucheza vyenyewe juu ya kaunta. Nilimwambia jinsi ya kuchanganya. Nilimwambia aoge akimaliza. Mambo yote yaliyoandikwa kwenye karatasi ya mkebe nilimwambia.

Mwaka huu, mwezi wa sita, alikuja mchana duka likiwa tupu. Amekonda, shati la kaki limemzidi. Nilimletea kiti. Alikaa, akavuta pumzi, akaniambia mkewe anampigia simu kila siku akae Bungoma, afe karibu na watu.

"Na shamba?"

"Hakuna shamba. Viwavi wamelala humo kama kwao." Alifungua kiganja. "Sisimizi nimewamaliza, binti. Kwangu ukitafuta hutapata hata mmoja. Na nyigu hawajarudi. Nilidhani nikiondoa hao, wale watapata nafasi. Sasa hakuna anayekula kiwavi. Hakuna askari hata mmoja."

Alitoa kwenye mfuko wa shati daftari la shule, jipya, na kalamu.

"Wewe umesoma, na mkono wangu hauandiki tena. Nataka uniandikie. Nina jambo moja ambalo mimi nimeliona na watu wa vitabu hawajaliona. Vijana wataliendeleza. Andika: sisimizi hujifunza. Andika na ushahidi wake. Ya mezani kwangu ni mara ya kwanza, na ya shamba la mama yako, Mungu amrehemu, ni mara ya pili. Ile ya pili ndiyo iliyonihakikishia. Wewe ulikuwepo, wewe ni shahidi."

Nilifungua daftari. Nikaandika tarehe. Yeye akangoja, amefumba macho, anapanga maneno. Nikaona ukurasa ule ukienda kwa mtu, na mtu huyo akimwambia mwingine, na mashamba ambayo watu watayamwagia hiki ninachouza kwa sababu yangu mimi na kikombe changu. Na niseme ukweli, sikuwaza mashamba sana. Niliona tu kwamba siwezi kuandika jina la Mama kwenye uongo ule.

"Hawakuja tu," nikasema.

"Nani?"

"Sisimizi. Niliwaita. Nilimwaga maji ya omena, siku ya tatu. Mama alilia. Yale yenye uzi niliyaruka yote, Bwana Shamba, naapa, niliyaruka. Halafu nikakudanganya."

Alifumbua macho. Nje mtu alikuwa anapakua magunia ya mbolea, na tulisikia moja likianguka, na jingine. Nililia, na sikuweka leso.

"Omena," akasema.

"Ndiyo."

"Basi hawakujifunza kitu." Alisema taratibu, kama mtu anayesoma herufi ndogo. "Walikuwa sisimizi tu."

"Nisamehe."

Hakujibu hilo. Nilimkumbuka mlangoni kwake siku ile ya shuka, jinsi neno la msamaha lilivyomtoka kabla mkewe hajamaliza kulia, nikangoja. Vidole vyake vilikuwa vinacheza juu ya goti.

"Mama yako alikula?" akauliza mwishowe.

"Alikula. Mwaka mzima."

"Alijua?"

"Hakujua. Alifariki akisema ni nyigu wako."

Akatikisa kichwa mara nyingi, vile vile kama siku ya chupa. Kisha akasimama kwa kushika kaunta. Nilimtolea mkebe wake, nikauweka mbele yake kwa mazoea, Mungu anisamehe, sikujua mikono yangu ifanye nini. Aliutazama. Akachukua daftari, akang'oa ule ukurasa wenye tarehe, akaniachia ukurasa, akaweka daftari mfukoni. Mkebe hakuugusa. Alipofika mlangoni nilimwita, "Bwana Shamba!" na hakugeuka. Alivuka barabara akishikilia ile fremu ya shingoni isipigepige kifuani.

Niko naye kwa habari tu sasa. Yuko Bungoma, kwa mkewe, karibu na msikiti, na wanasema anakaa siku nzima barazani hataki kuonyeshwa hata jani la sukuma. Nimepiga simu mara mbili. Mkewe anapokea kwa upole, anasema mzee amelala.

Mkebe niliurudisha kwenye rafu. Asubuhi yake aliingia mama mmoja kutoka Ndalu, akasema sisimizi wamejaa kwenye mahindi yake, wanamtisha. Nilimwambia awaache, hawana neno. Akasema jirani yake amepiga dawa na yeye pia anataka. Nikamuuzia.